Kazi na Maarifa: Tingatinga Huanza Kufa Miguuni

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, tingatinga husikika kabla halijaonekana. Ardhi hutetemeka, mabati ya nyumba hulia, na watoto hutoka mbio kwenda kutazama. Wako wanaolipokea kwa furaha, maana limekuja kufungua njia au kuchimba mtaro. Wako pia wanaolipokea kwa hofu, maana wanaikumbuka tarehe 23 Julai 2018, siku ambayo matingatinga yalibomoa nyumba na shule huko Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road. Lakini kwa furaha au kwa hofu, karibu kila mtazamaji hulitazama bamba kubwa la chuma lililo mbele, lile lisukumalo udongo. Ni wachache mno wanaoinama kutazama chini, kwenye minyororo.

Fundi mzoefu hutazama kinyume cha hivyo. Yeye huanza na miguu. Ajua ya kuwa bamba likipinda huweza kunyoshwa, na ukingo wake ukilika hufunguliwa boliti ukawekwa mwingine. Lakini miguu ya tingatinga, yaani minyororo na magurudumu yake yote, ndiyo ilayo fedha nyingi kuliko kiungo kingine chochote. Watengenezaji wa mitambo hii husema ya kuwa gharama ya miguu yaweza kufika nusu ya fedha zote zitumiwazo kulitengeneza tingatinga katika maisha yake. Kwa hiyo tingatinga haliendi kaburini kwa siku moja. Huanza kufa miguuni, polepole, kila jioni linapolazwa na matope yake.

NINI KILICHO HATARINI

Huenda karani au mkulima akauliza: Mambo haya yamhusu nini mtu asiyemiliki tingatinga? Yamhusu sana. Mtambo huu kwa kawaida hukodishwa kwa saa au kwa siku. Wakulima wanaotaka bwawa la kunyweshea ng'ombe hukodi. Kamati ya mtaa inayotaka mtaro hukodi. Na Serikali nayo hukodi kwa fedha za walipa kodi. Mtambo ukilala kwa sababu ya uzembe, mwenye kazi ndiye aumiaye.

Nairobi ina majira mawili ya mvua: mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Mtaro uliokamilika kabla ya mvua huokoa nyumba. Mtaro uliochimbwa nusu ni mbaya kuliko kutokuwa na mtaro kabisa, kwani huyakusanya maji na kuyaelekeza kwenye mlango wa mtu. Basi mnyororo ukikatika mwezi wa Februari, kisha mwenye mtambo akakaa majuma mengi akitafuta pini na bushi, anayelala ndani ya maji mwezi wa Aprili si dereva wala mwenye mtambo. Ni mama aliyepanga chumba pale bondeni.

Tena kuna hatari ya uhai. Kibera imeshuka kwa mteremko hadi mto Ngong na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Nyumba zimesongamana, na mara nyingi nafasi iliyopo baina ya mnyororo na ukuta wa udongo haizidi urefu wa mkono. Mahali kama hapo, mnyororo ukichomoka kwenye magurudumu yake wakati tingatinga linageuka kwenye mteremko, dereva hawezi tena kuliongoza upande ule. Uzito wa tani nyingi huteleza uendako, wala hauombi njia.

JINSI MIGUU INAVYOKWENDA

Asili ya mguu huu ni ya zamani. Mwaka 1904, huko Stockton katika California, nchini Marekani, Benjamin Holt aliyaondoa magurudumu ya nyuma ya trekta lake la mvuke lililokuwa likizama katika udongo laini, akaweka mahali pake minyororo yenye mbao. Trekta likapita juu ya udongo ule bila kuzama. Mwaka 1925 kampuni yake iliungana na ya mshindani wake, Best, ikawa kampuni ya Caterpillar, na ndiyo sababu watu wengi wa Afrika Mashariki huita kila mtambo wa minyororo katapila, hata ukiwa umetengenezwa Japani au Uchina.

Mnyororo ni viungo vya chuma vilivyoungwa kwa pini, na kila pini imevikwa bushi. Juu ya viungo hivyo hufungwa viatu, ndivyo vikanyagavyo ardhi. Mnyororo mmoja wa tingatinga la kadiri huwa na viatu karibu 40. Nyuma liko gurudumu la meno liuvutao mnyororo. Mbele liko gurudumu la kuuongoza. Chini ziko rola zibebazo uzito wote wa mtambo. Na juu huwako rola moja au mbili za kuushikilia mnyororo usilegee.

Watu husema mnyororo umerefuka. Lakini chuma hakikuvutika kama mpira. Kilichotokea ni kwamba kila pini imelika kidogo ndani ya bushi yake. Pini moja ikilika milimita 1 tu, hakuna atakayeona kwa macho. Lakini viungo 40 vikilika milimita 1 kila kimoja, mnyororo mzima umeongezeka milimita 40. Hapo meno ya gurudumu la nyuma hayaingii tena mahali pake. Hupanda juu ya bushi, huisaga, nayo yenyewe huchongoka kama meno ya papa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimaliza.

Adui aletaye ulaji huo ni udongo uliochanganyika na maji. Mchanga mkavu hukwaruza. Lakini mchanga uliolowa na kukandamizwa kwa tani nyingi husaga chuma kama jiwe la kusagia. Minyororo ya kisasa, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1970, imetiwa oili ndani ya kila pini, na sili huizuia isitoke. Hiyo ni faida kubwa, mradi sili ni nzima. Ikikatika, oili huvuja, na kiungo kile hubaki kikavu. Dalili yake ni unga mwekundu wa kutu kandokando ya pini. Dalili nyingine ni joto: baada ya kazi, mtambo ukiwa umesimamishwa na injini imezimwa, kiungo kikavu huwa moto kuliko wenzake. Dereva mwangalifu husogeza mgongo wa mkono karibu na viungo, bila kuvishika, naye hukijua mara moja kilicho kigonjwa.

UDONGO WA KAWANGWARE NA UDONGO WA KIBERA

Si udongo wote ulao chuma kwa namna moja. Kawangware imo katika upande wa magharibi wa mji, penye udongo mwekundu. Wakati wa jua udongo huo huwa vumbi jembamba lipenyalo kila mahali. Wakati wa mvua hunata na kujaza nafasi yote iliyo kati ya rola na mnyororo. Ukikauka hapo, huwa mgumu kama tofali. Asubuhi dereva akiwasha na kuondoka, rola iliyofungwa na tofali lile haizunguki. Mnyororo huburutwa juu yake, na rola hulika upande mmoja hata ikapoteza duara lake. Tangu siku hiyo haitazunguka sawasawa tena.

Kibera ina taabu ya namna nyingine. Ardhi yake imechanganyika na takataka za miaka mingi: nyaya, matambara, vipande vya mabati, chupa, na mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini ile iliyozikwa kabla ya siku hiyo haijaoza. Tingatinga likipita humo, waya na matambara hujizungusha kwenye ekseli za rola na za gurudumu la meno, hujikaza kila mzunguko, na mwisho huikata sili. Kipande cha waya kisichotimiza bei ya kikombe cha chai chaweza kuiangusha rola yenye bei ya mshahara wa mwezi. Kwa hiyo katika Kibera kisu na koleo ni vyombo vya matengenezo sawa na spana.

MZUNGUKO WA ASUBUHI

Kabla ya kuwasha injini, yampasa dereva kulizunguka tingatinga lote kwa miguu, pole pole, kwa kadiri ya dakika 10 au 15. Sababu ya kwanza ya mzunguko huo si chuma. Ni watoto. Katika mitaa iliyosongamana hakuna uwanja wa kuchezea, na mtambo uliolala usiku kucha huwa kivuli kizuri cha kujificha. Dereva aliyeketi kitini haoni nyuma ya bamba wala chini ya minyororo. Basi na ainame atazame pande zote, kisha apige honi, angoje kidogo, ndipo awashe.

Sababu ya pili ni mtambo wenyewe. Atazame chini kama kuna oili iliyodondoka usiku. Atazame boliti za viatu. Iliyolegea hung'aa kandokando yake kwa kusuguana, na mahali pa iliyodondoka huonekana tundu. Boliti moja iliyolegea ikiachwa, mwenzake hubeba mzigo wa mbili, naye hukatika. Kisha kiatu hucheza, na matundu hupanuka hata kiungo chote kiharibike. Atazame kila rola kama ina alama ya oili inayovuja. Atazame hauzi za haidroli kama zimepasuka au zimekwaruzwa, na ukingo wa bamba kama haujalika hadi kwenye chuma kinachoubeba.

Kisha apime. Oili ya injini hupimwa kwa kijiti mtambo ukiwa umesimama mahali pa tambarare, maana kwenye mteremko kijiti husema uongo. Maji ya rejeta hupimwa injini ikiwa baridi tu. Jambo hili lina uzito zaidi mjini Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,700. Kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 94, wala si 100. Mfuniko wa rejeta ndio uyazuiao kwa kuyakandamiza. Mfuniko uliochoka huyaacha yachemke mapema na injini huungua. Na mtu aufunguaye wakati wa moto humwagikiwa na maji na mvuke usoni. Wengi wamepata makovu kwa haraka ya dakika mbili.

Chujio la hewa nalo litazamwe, hasa Kawangware wakati wa vumbi. Injini ya dizeli hunywa hewa nyingi mno kuliko mafuta. Ikinywa na vumbi, silinda hulika. Lakini kulifungua chujio kila saa bila sababu si bidii, kwani kila linapofunguliwa vumbi hupata njia. Mitambo mingi ina alama ionyeshayo kwamba chujio limejaa, na alama hiyo ndiyo ifuatwe. Tena si vema kuligonga chujio ukutani, kama wafanyavyo wengine. Karatasi yake hupasuka, na chujio lililopasuka ni sawa na mlinzi aliyelala.

KUKAZA NA KULEGEZA MNYORORO

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na hufanyika kwa nia njema. Dereva mgeni huona mnyororo umelegea juu, naye hudhani ni ugonjwa. Huukaza mpaka ukawa kama uzi wa zeze. La, sivyo. Mnyororo uliokazwa mno huzikandamiza pini, bushi na meno kwa nguvu wakati wote, na injini hutumia sehemu ya nguvu zake kuuvuta mnyororo badala ya kusukuma udongo. Dizeli huisha upesi na chuma hulika upesi. Mnyororo uliolegea mno nao hupigapiga, na wakati wa kugeuka huchomoka.

Kipimo ni rahisi. Tingatinga husogezwa mbele kidogo mahali pa tambarare na kuachwa lisimame lenyewe. Ubao ulionyoka huwekwa juu ya mnyororo, kutoka rola ya juu hadi gurudumu la mbele, na mahali mnyororo uliposhuka zaidi hupimwa kwa rula. Kwa matingatinga mengi ya kadiri, kushuka kwa milimita 40 hadi 55 hutosha. Lakini kitabu cha mtambo wenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Tena upimaji ufanywe katika hali ile ile ya kazi. Mnyororo uliopimwa ukiwa safi na mkavu utakaza wenyewe matope yatakapojaa kwenye meno. Kwa hiyo dereva atokaye mahali pakavu kwenda kwenye bonde la matope apime upya.

Kukaza hufanywa kwa kusukuma grisi ndani ya silinda iliyo nyuma ya gurudumu la mbele, kwa bomba la grisi. Kulegeza hufanywa kwa kuifungua vali kidogo kidogo, grisi itoke. Grisi iliyomo humo ina shinikizo kubwa mno. Ikiruka yaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo, ingawa tundu lake ni dogo kama la sindano, lataka daktari siku ile ile. Mtu asiweke uso wala mkono mbele ya vali hiyo, wala asiifungue kupita mzunguko mmoja.

MATENDO YA DEREVA

Matengenezo si kazi ya spana tu. Kiti cha dereva nacho ni karakana. Kurudi nyuma kwa mwendo wa kasi hula bushi kuliko kwenda mbele, kwa sababu ya namna meno yanavyoishika bushi. Kugeuka upande mmoja siku nzima hula mguu mmoja zaidi ya mwingine. Kuzungusha minyororo bila kusogea, pindi mzigo ulipozidi, ni kupiga msasa viatu bila malipo. Na tingatinga halikuumbwa kwa safari. Likitakiwa kutoka Kawangware kwenda Kibera lipakiwe juu ya lori, wala lisitembezwe barabarani. Lami huumia, na miguu huumia zaidi.

Mfano waweza kueleza jambo hili. Taniboi anaona saa nane mchana ya kuwa mnyororo wa kushoto umejaa udongo na unalia. "Mzee," asema, "mguu wa kushoto umekaza." Mzee ajibu, "Maliza kwanza, kijana, zimebaki safari chache." Zile safari chache zikawa saa tatu. Kazi ya siku ile ilikwisha mapema kwa nusu saa, na pini zikapoteza maisha ya majuma mawili. Hakuna aliyeandika hasara hiyo, kwani haikuonekana. Ilionekana miezi mitatu baadaye, tena ikaitwa bahati mbaya.

JIONI

Kazi ya jioni ni fupi lakini ndiyo iokoayo zaidi. Udongo uondolewe kwa sepetu ungali laini, kabla haujawa tofali. Nyaya na matambara yakatwe. Tingatinga lilazwe mahali pa tambarare, bamba lishushwe hadi likae juu ya ardhi, na breki ifungwe. Bamba lililoachwa juu hushikiliwa na oili ya haidroli peke yake. Hauzi ikipasuka, bamba huanguka juu ya yeyote aliye chini. Kwa sababu hiyo hiyo fundi asiingie kamwe chini ya bamba lisilotegemezwa kwa magogo au vyuma imara.

Injini iachwe inguruma polepole kwa dakika 5 hivi kabla ya kuzimwa, ili joto la turbo lishuke na oili iendelee kupita. Tangi lijazwe jioni, wala si asubuhi. Tangi tupu hujaa hewa, na hewa hiyo ipozapo usiku hutoa matone ya maji ndani yake. Maji yakiingia katika pampu ya dizeli huiharibu.

Na dizeli yenyewe iwe dizeli. Nchini Kenya tamaa ya kuichanganya na mafuta ya taa ilikuwa kubwa wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi, hata Serikali ikaweka mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Mwenye kupata hasara alikuwa pia mpishi wa Kibera aliyenunua mafuta ya taa kwa jiko lake. Kwa mtambo, mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha. Pampu husuguana kavu na kufa kabla ya siku zake.

DAFTARI

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tingatinga lina saa yake ihesabuyo masaa ya kazi, na matengenezo hufuata hesabu hiyo, wala hayafuati kalenda. Kwa mitambo mingi utaratibu ni huu. Kila siku: kuzunguka, kupima, kutia grisi panapotakiwa, kusafisha. Kila masaa 50: kuondoa maji na takataka chini ya tangi la dizeli. Kila masaa 250: kubadili oili ya injini na chujio lake. Kila masaa 500: kubadili machujio ya dizeli. Kila masaa 1,000: oili ya gia. Kila masaa 2,000: oili ya haidroli na ya gia za mwisho. Mitambo mingine ina hesabu tofauti, na kitabu chake kifuatwe. Kwa mtambo ufanyao kazi masaa 8 kwa siku, masaa 250 ni siku 31 za kazi, yaani zaidi kidogo ya majuma 5.

Hapo ndipo karani anapokuwa fundi. Dereva hubadilika, taniboi hubadilika, na mwenye mtambo hukaa mbali. Daftari peke yake ndilo likumbukalo. Karani aandike masaa, oili iliyotiwa, sehemu zilizobadilishwa, na kipimo cha mnyororo kila juma. Akiona ya kuwa gurudumu moja limeongezwa oili mara tatu katika mwezi mmoja, ajue sili imekufa, ingawa hajashika spana maishani mwake. Na kamati ya mtaa au mkulima anayetaka kukodi mtambo aombe kwanza kuliona daftari hilo. Mwenye mtambo asiye na daftari huuza bahati nasibu.

FUNZO LA KONGWA

Anayedhani ya kuwa mambo haya ni madogo na akumbuke Kongwa, katika Tanganyika. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga kwa mitambo, ikakusudia eka zaidi ya milioni 3. Matrekta mengi ya minyororo yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumiwa na majeshi katika vita, mengine yakitoka hata Ufilipino. Sehemu za kubadilisha hazikulingana na mitambo iliyofika, karakana zilikuwa hazijawa tayari, na madereva walifundishwa kwa haraka. Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu wakati wa kiangazi, nao ukala chuma. Kabla mwaka ule haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara ikazidi pauni milioni 35.

Sababu za anguko hilo zilikuwa nyingi, na mvua haba ni mojawapo. Lakini mafundi walijifunza jambo moja lililo wazi: mtambo mkubwa bila grisi, bila pini za akiba, na bila mtu aliyefundishwa kuutazama, ni rundo la chuma lililoletwa kwa meli. Fedha nyingi za Serikali kubwa hazikuweza kununua yale yafanywayo kwa sepetu na bomba la grisi kila jioni.

KAZI YA VIJANA, NA MITO YA MJI

Vijana wa Kibera na Kawangware wasiyaone mambo haya kuwa ya watu wa mbali. Katika mitaa yote miwili wako mafundi wa jua kali wajuao kuchomelea chuma, na kujazia kiatu au rola iliyolika ni kazi yenye malipo mema kwa mwenye mkono mtulivu. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutoa mitihani ya ufundi kwa daraja, hata kwa mtu aliyejifunzia kazini; na chuo cha Serikali cha barabara na majengo, KIHBT, hufundisha uendeshaji wa mitambo. Mtu aanzaye kama taniboi mwenye daftari hufika mbali kuliko dereva asiye nalo.

Jambo la mwisho ni oili chafu. Mtambo mmoja hutoa lita nyingi kila inapobadilishwa, na mtaro uko karibu. Oili iliyomwagwa katika mtaro wa Kibera huingia mto Ngong na kufika Bwawa la Nairobi. Iliyomwagwa Kawangware huingia vijito vya mto Nairobi. Huko chini wako watu wanaonywesha sukuma wiki kwa maji hayo, na sukuma wiki hiyo hurudi sokoni. Oili chafu iwekwe katika pipa lenye kifuniko na ikabidhiwe kwa wenye kibali cha kuichukua.

Basi tingatinga likija mtaani, na watoto wakikimbia kutazama bamba, yafaa mtu mzima mmoja angalau atazame miguu. Akiona rola zinazunguka, boliti zimetimia, mnyororo una kiasi, na dereva anazunguka kwa miguu kabla ya kuwasha, ajue mtaro utakwisha kabla ya mvua. Akiona matope ya jana yamekauka kama tofali, aulize mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bonde la Kibera ukuta huo huwa ni wa nyumba ya mtu.